Saa ya Mlinzi wa Jantar Mahal

Siku mama yake Lokendra alipokuja kutuarifu kwamba mjukuu wangu atamuua mwanawe, alikula kwanza sahani mbili za poha, mchele wa kupondwa. Ile ya pili aliomba iongezwe sev, zile tambi kavu za dengu. Halafu akafuta mdomo, akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa shida za Ujjain nzima, akasema, "Sasa, Kesarbai, tuzungumze mambo mazito."

Nilishukuru kusikia hivyo. Kumbe yaliyotangulia yalikuwa mepesi.

Pushpalata, mama huyo, hakuja peke yake. Alikuja na Pandit Dwarkaprasad, mnajimu wa Freeganj, mtaa wa wenye pesa, ambaye siku hizi hafungui kitabu, anafungua simu. Unampa tarehe ya kuzaliwa, mahali na saa, anabonyeza, na simu inamtolea nyumba zote kumi na mbili za mbinguni na kila sayari ilikokaa. Kisha anaichapisha ile hesabu kwenye karatasi nzito yenye picha ya mungu Ganesha na kuifunika plastiki, nadhani ili isiharibiwe na machozi ya watu.

Karatasi ya mjukuu wangu Tulika ikawekwa mezani, katikati ya vikombe vya chai.

"Mirihi," akasema Panditji, akigonga kwa kidole. "Ipo nyumba ya nne."

"Nyumba ya nne!" Pushpalata akashika kifua, utadhani ndiyo kwanza anasikia, na karatasi ile alikuwa amekaa nayo siku tatu.

Mwanangu Jagdish, baba yake Tulika, akaanza kuangalia vidole vyake vya miguu. Mkewe akasimama na birika mkononi bila kummiminia mtu. Kwetu hakuna asiyejua maana ya Mirihi ikikaa pale. Msichana wa namna hiyo humla mumewe. Anaweza kuwa mpole, anaweza kuwa na digrii, mume atakwenda tu. Na Tulika na Lokendra walikuwa wamekwisha kuvishana pete. Harusi ilingoja miezi minne ya mvua ipite, miungu iamke usingizini.

"Lakini mimi si mtu mbaya," Pushpalata akaendelea. "Dawa ipo. Tulika ataolewa kwanza na chungu. Chungu kizuri, kipya, cha udongo, na Panditji atasoma maneno yote. Kisha tunakitosa mto Shipra, Mirihi inakuwa imeshamla mume wake wa kwanza, imeshiba, na mwanangu anabaki salama."

Tulika alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, kisu mkononi. "Na nikishakuwa mjane wa chungu, mama, nivae nguo nyeupe siku ngapi?"

"Mnausikia huo ulimi?" Pushpalata akamgeukia Panditji. "Hiyo ndiyo Mirihi yenyewe inazungumza!"

"Panditji, pengine saa ya kuzaliwa ilikosewa," Jagdish akajaribu.

"Kompyuta haikosei, bwana," Panditji akasema kwa upole, kama daktari.

"Na jambo jingine dogo, Kesarbai," Pushpalata akaniinamia. "Usinielewe vibaya. Siku ya harusi wewe utakaa chumba cha ndani. Heshima yako iko palepale, ila mjane, pale kwenye moto, kivuli chake kikimwangukia bwana harusi… unajua mwenyewe."

"Najua," nikasema. Nina miaka tisa ya kujua. Watu hawachoki kunikumbusha, wasije wakanikuta siku moja nimesahau.

Walipoondoka, Tulika alirudi jikoni kukata giligilani, akaikata mpaka ikawa uji. Nikakaa karibu naye.

"Bibi, nikikubali hicho chungu, nimekubali kwamba mimi ni muuaji," akasema. "Lokendra akipata mafua, ni mimi. Akiteleza na pikipiki, ni mimi. Nitaishi nyumba ile miaka arobaini nikihesabu chafya zake."

"Na usipokubali?"

"Basi nimempoteza." Akaweka kisu chini. "Na ninampenda, bibi, ingawa mara nyingine ni mjinga."

Nilikwenda kwenye kijumba chetu cha ibada, nikawasha taa ya samli mbele ya Mahakal. Sikumwomba afanye hili wala lile. Bwana wa wakati hana haja ya kuelekezwa na mwanamke aliyeishia darasa la tano. Nilimwambia tu kwamba nipo na kwamba ninaangalia. Kisha nikafungua sanduku la bati, nitafute ile karatasi marehemu mume wangu aliyoandika Tulika alipozaliwa.

Ilikuwepo. "Saa nne na dakika tano asubuhi," kwa mwandiko wake uliolala. Na juu ya karatasi ilikuwa imelazwa saa yake ya mkono.

Niliitazama ile saa. Kisha nikaanza kucheka, nikacheka mpaka mke wa Jagdish akaja na maji, akidhani nimepandwa na kitu.

Mume wangu, Bhagirath, alikuwa mlinzi wa Jantar Mahal, kile kituo cha kale cha kupimia jua na nyota, miaka thelathini na moja. Ndiye aliyefagia ile ngazi kubwa ya mawe inayopanda kuelekea nyota ya kaskazini bila kufika popote, ndiye aliyesugua mistari ambako kivuli chake hutambaa na kuonyesha saa. Na kila siku ya jua, mchana, aliiweka saa yake ya mkono sawasawa na kivuli kile. Si sawa na redio, si sawa na kituo cha treni. "Jua ni la Mungu," alikuwa akisema. "Hiyo nyingine ni saa ya reli." Treni ya kwenda Ratlam ilimwacha mara sita, na mara zote sita aliisikitikia treni. "Imeondoka mapema tena, maskini." Kwenye harusi ya mdogo wake tulifika watu wanaosha sufuria.

Lakini mtaa wetu wa Jaisinghpura ulimheshimu. Saa za ukutani watu walikuwa nazo, za kupikia wali na kuwahi shule. Mtoto alipozaliwa, hilo lilikuwa jambo la nyota, na jambo la nyota halitazamwi kwenye saa yenye picha ya kiwanda cha biskuti. Mtu alitumwa mbio kwetu: "Bhagirath-ji, saa ngapi?" Naye alijibu kwa fahari kubwa, na jibu likaandikwa, na hakuna aliyemuuliza ni saa ya nani. Miaka ishirini na ushei aliwapa watoto wa mtaa mzima saa ya jua, na baadaye wanajimu wao wakaipokea kama saa ya reli.

Hivyo kompyuta ya Panditji haikukosea. Iliambiwa kitu kingine, basi.

Kuna jambo la pili nililolikumbuka jioni ile nikiwa bado nimeishika saa. Hilo nilinyamaza nalo. Nililifunga kwenye ncha ya sari yangu, kama ninavyofunga funguo.

Nilimpigia simu Pushpalata. Sikumdanganya. Nilimwambia tukutane Jantar Mahal tarehe ishirini na moja ya mwezi wa sita, mchana, yeye na Lokendra na Panditji, tumalize habari ya chungu. Kwa watu wa Ujjain tarehe hiyo haihitaji maelezo. Ndiyo siku jua husimama utosini na kivuli hupotea. Watoto wa shule huletwa, wapiga picha wa magazeti huja. Pushpalata aliposikia habari ya wapiga picha, alikubali kabla sijamaliza.

Siku moja kabla, nilikwenda peke yangu mchana, nikaitia saa ya Bhagirath ufunguo na kuiweka kwa kivuli cha ile ngazi, kama alivyonifundisha. Ikaanza kutembea bila kununa. Ni mimi niliyelia kidogo.

Tarehe ishirini na moja Pushpalata aliteremka kwenye riksho akiwa na sari ya hariri ya rangi ya zambarau, joto la watu kuzimia, na sahani ya tamutamu zilizobarikiwa kutoka hekalu la Mahakal. Mtu akienda kuzungumza habari ya chungu hupendeza awe amebarikiwa.

"Tembea upande ule, Kesarbai," akaniambia pale langoni. "Jua liko huku, usije ukaziangushia kivuli tamutamu za Mungu."

Nikahamia upande ule. Tulika akafungua mdomo, nikamfinya.

Kwenye duara la mawe lenye nguzo katikati, watoto wa shule walikuwa wamejaa kama nyuki. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimelala upande wa magharibi, kifupi, kama mkono wa mtoto. Panditji akatoa kitambaa akajifuta, akatoa na simu. Lokendra alisimama karibu na Tulika akijitahidi aonekane hayuko karibu naye.

"Saa sita kamili!" Pushpalata akapaza sauti, akiwa na simu yake juu. "Saa sita imefika na kivuli kiko palepale! Miaka karibu mia tatu wanatudanganya hawa!"

"Ngoja, mama," Lokendra akasema.

"Ningoje nini? Saa sita ni saa sita."

"Hiyo ni ya simu," nikasema.

"Kwani kuna nyingine?"

Wakati huohuo wingu lilikuja. Wingu kubwa, jeusi, la mwezi wa mvua, likajilaza juu ya jua kama nyati kwenye dimbwi. Kivuli kikafutika, cha nguzo na cha watu wote, lakini huko siko kupotea tulikokujia. Dakika kumi zikapita. Ishirini na tano. Watoto wakaanza kuimba. Mpiga picha mmoja akafunga mfuko wake.

"Hata jua limeona aibu," Pushpalata akasema, akijipepea. "Twende zetu, Panditji. Chungu kitanunuliwa hukohuko Freeganj. Na wewe, Tulika, usiwe na uso huo, chungu ni mume mzuri. Hakikoromi."

Tulika alinitazama. Sijawahi kumwona amenitazama hivyo tangu alipokuwa na homa akiwa na miaka minne. Nami nilikuwa nimeishika saa ya Bhagirath ndani ya kiganja, mishale yake ikikaribiana, na nilisema moyoni, Mahakal, mimi nipo, ninaangalia, na wewe ukipata nafasi angalia pia.

"Dakika mbili tu," Panditji akasema. Tangu aje alikuwa akiitazama ile nguzo. Nilimhukumu vibaya mwanzoni, nakiri. Chini ya ile simu alikuwa bado mnajimu, mwana wa mnajimu, na alitaka kuona.

Wingu likapasuka pembeni. Jua likatoka lote kwa mpigo, kali kama pilipili, na watoto wakapiga kelele: "Hakuna! Hakuna!"

Kivuli hakikuwepo. Nguzo ilikuwa imesimama peke yake juani kama kitu kilichochorwa. Nikatazama chini ya miguu yangu. Sari, kandambili, mawe. Basi.

Mfanyakazi wa pale akatangaza, "Saa sita mchana, Ujjain!"

"Panditji," nikasema, "tafadhali soma simu yako."

Akaisoma. "Saa sita na dakika ishirini na nane."

"Soma na hii."

Nikafungua kiganja. Akainama mpaka miwani ikamteleza. Mishale yote miwili ilikuwa imelala pamoja juu ya kumi na mbili. "Saa sita kamili," akasema, polepole. "Hii ni ya nani?"

"Ya marehemu. Saa ya kuzaliwa ya Tulika ilitoka hapa. Aliiweka kwa kivuli cha ile ngazi, kila siku, mpaka alipokufa. Ukamwandika msichana kwa saa ya reli, na alizaliwa kwa saa ya jua."

"Dakika ishirini na nane ni nini?" Pushpalata akadakia. "Mimi kwa dakika ishirini na nane sijamaliza hata kusuka nywele!"

"Buruji inaweza kuhama, mama, na nyumba zote zikahama nayo," Panditji akasema. Hakuwa anatuzungumzia tena sisi. Alikwenda ukutani, kwenye lile jedwali linaloonyesha kila tarehe ya mwaka iongezewe dakika ngapi, na kidole chake kikatembea. "Tulika ni mwezi wa pili. Mwezi wa pili si ishirini na nane. Ni arobaini na moja." Akabonyeza simu. Akabonyeza tena. "Mirihi imetoka nyumba ya nne. Ipo ya tatu."

"Na ya tatu inaua nani?" Tulika akauliza.

"Haiui mtu, mwanangu. Nyumba ya tatu inaleta ushujaa."

Uso wa Pushpalata ulibadilika haraka kuliko lile wingu. "Si nilisema!" Akamkumbatia Tulika. "Tangu mwanzo nilisema! Msichana mwenye macho haya atamdhuru nani? Kula, mwanangu, kula." Akamtia Tulika tamutamu mdomoni, na kwa furaha akanitia na mimi. Hakukumbuka kuangalia kivuli. Na hata angeangalia, sikuwa nacho.

Ningeweza kunyamaza. Na nilinyamaza, kwa muda wa kuimeza ile tamutamu. Lakini mtu hawezi kusahihisha saa ya mtoto wake akaiacha ya mwenzake, huo ni wizi, na nilikuwa nimetoka kumwita Mungu ashuhudie. Nilifungua lile fundo la sari. Nakiri kwamba nililifungua taratibu, ili nifaidi.

"Pushpa," nikasema, "kabla hamjahamia Freeganj, mlikuwa milango mitatu kutoka kwetu."

"Ee, Jaisinghpura. Pale penye bomba. Siku zile tulikuwa watu wadogo."

"Asubuhi aliyozaliwa Lokendra, mumeo alikuja kwetu mbio, kandambili moja mguuni, nyingine ameisahau."

Akacheka. "Anachekwa mpaka leo! Alikuja kumuuliza Bhagirath…"

Akakwama hapo. Mdomo ulibaki wazi, mkono na tamutamu vikabaki hewani.

"Zile tamutamu za laddu ulizotuletea kushukuru zilikuwa nzuri sana," nikamwambia. "Za samli safi."

Panditji alikuwa ameshaanza kubonyeza. Mtu asiye na hila ni hatari. "Lokendra ni mwezi wa saba," akanong'ona, "jedwali linasema thelathini na tatu." Tukamngoja. Watoto wa shule walikuwa wakipangwa mstari waondoke, na kivuli cha nguzo kilikuwa kimeanza kuchungulia upande wa mashariki. "Ajabu! Mirihi yake ilikuwa nyumba ya tano. Sasa ipo…"

"Usiseme," Pushpalata akasema.

"Ya nne. Ileile."

"Hiyo simu imeharibika kwa joto!"

"Kompyuta haikosei, mama," nikasema.

Lokendra alitutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mimi ndiye muuaji?" akauliza, na naapa alikuwa amefurahi kidogo. Nadhani hakuna aliyewahi kumwogopa.

"Usijisifu," Tulika akamwambia.

Pushpalata aliketi kwenye ukingo wa mawe na hariri yake yote. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama nilivyomjua zamani, mwanamke mdogo penye bomba, ndoo mbili, anahofia maji yataisha kabla ya zamu yake. "Watu wa Freeganj wakisikia," akasema, "nitaishi vipi? Kesarbai, watasema mwanangu anakula wake."

Tulika akaenda akachutama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Mama, mimi si mtu mbaya," akasema. "Dawa ipo. Lokendra nitamchukua na Mirihi yake, na sitamwambia mtu. Ila katika nyumba yenu neno Mirihi lisitajwe tena. Si akipata mafua, si mimi nikipata. Na siku ya harusi bibi atakaa kwenye moto, pembeni yangu. Si chumba cha ndani."

Pushpalata alinitazama, kisha akatazama chini kwenye mawe, ambako vivuli vyetu vilikuwa vimerudi, vidogo, vimechanganyikana hata hujui kipi cha mjane.

"Atakaa," akasema. "Lakini hiyo dawa nyingine… Panditji, kwa mwanamume inakuwaje?"

Kwa mwanamume si chungu. Ni kichaka cha aak, kile chenye utomvu mweupe wa sumu na maua anayoyapenda Shiva. Tulika alisema yeye hana haja nacho. Pushpalata alisema yeye hatalala asipokiona. Hivyo, wiki moja baadaye, asubuhi, nyuma ya shamba la vitunguu barabara ya Chintaman ambako hakuna mtu wa Freeganj anayepita, Lokendra alimwoa bibi harusi mwenye majani mapana, aliyevishwa shela nyekundu na kuegemezwa kijiti asiinamishwe na upepo. Lokendra alivaa kilemba. Tulika alikuja kama rafiki wa bwana harusi, akawapongeza wote wawili na kumsifu bibi harusi kwa kutokuwa na mama.

Mimi nilikaa mbele kabisa. Mjane hatakiwi kwenye harusi ya watu, lakini katika sheria zote ambazo Pushpalata alikuwa amewahi kunisomea, hakuna iliyotaja harusi ya kichaka. Alinitandikia mkeka yeye mwenyewe.

Panditji alikuwa amepanga kila kitu, maua, mchele, uzi mwekundu wa kuzungushia shina. Akatoa simu atazame kama wakati mwema umefika. Akaitazama. Kisha akaizima, akaitia mfukoni, akanigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Kesarbai," akauliza, "saa ngapi?"

Nikaitoa saa ya Bhagirath kwenye ncha ya sari, sikuharakisha.

"Ya jua," nikamuuliza, "au ya reli?"